Gumzo na Kumbukumbu: Historia ya Mitandao ya Kijamii ya Kazini katika Sekta Zenye Udhibiti Mkali, 1934–2022

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya programu za mitandao ya kijamii zinazotumika ndani ya taasisi zilizo chini ya udhibiti mkali wa sheria, hususani benki na makampuni ya udalali wa dhamana nchini Marekani na Uingereza. Hoja yake kuu ni kwamba programu hizo hazikuumbwa na haja ya wafanyakazi kuwasiliana peke yake. Ziliumbwa pia, na pengine zaidi, na wajibu wa kisheria wa kuacha alama ya mazungumzo. Kila mara wadhibiti walipofikia chombo kimoja cha mawasiliano, mazungumzo nyeti yalihamia chombo kingine, na kilichodumu si teknolojia bali kanuni iliyopima maudhui ya mazungumzo bila kujali chombo. Makala inajadili pia tawi la tiba, ambako hofu ya mdhibiti ilikuwa tofauti. Inahitimisha kwa kueleza yale ambayo watunga sera wa Afrika Mashariki, wanaotekeleza sheria mpya za ulinzi wa taarifa binafsi, wanaweza kujifunza, likiwemo suala la lugha ya Kiswahili katika mitambo ya ukaguzi wa mazungumzo.

1.0 Utangulizi

Programu ya mtandao wa kijamii wa kazini ni chombo kinachowawezesha watumishi wa taasisi moja, au wa taasisi kadhaa zinazoshirikiana, kuandikiana ujumbe, kufungua vyumba vya mazungumzo, kushirikishana nyaraka na kufuatilia kazi za wenzao kwa namna inayofanana na ile ya mitandao ya kijamii ya umma. Katika kampuni ya kawaida chombo hiki hupimwa kwa wepesi wake. Katika benki, kampuni ya udalali au hospitali, kuna maswali yanayotangulia wepesi: nani anahifadhi kilichosemwa, kwa muda gani, na nani ana haki ya kukisoma?

Historia ya vyombo hivi husimuliwa kwa kawaida kama historia ya uvumbuzi: barua pepe ilizaa ujumbe wa papo hapo, na ujumbe wa papo hapo ukazaa mtandao wa kijamii. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yanamwacha nje mhusika mmoja muhimu, naye ni mdhibiti. Makala hii inamrudisha mhusika huyo katika masimulizi. Inafanya hivyo kwa kufuata mfano wa sekta ya fedha ya Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko kesi, faini na miongozo ilikoacha ushahidi mwingi zaidi wa jinsi sheria na programu zilivyofinyangana.

2.0 Kabla ya Programu: Barua, Nakala na Kabati

Mwanzo wa historia hii hauko katika kompyuta. Baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, Bunge la Marekani lilitunga Sheria ya Ubadilishanaji wa Dhamana ya mwaka 1934, iliyounda Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa, ijulikanayo kama SEC. Kifungu cha 17(a) cha sheria hiyo kiliipa Tume uwezo wa kuwaamuru madalali watunze kumbukumbu. Chini ya kifungu hicho ilitungwa kanuni inayojulikana hadi leo kwa namba yake, 17a-4. Kanuni hiyo humtaka dalali ahifadhi barua zote alizopokea na nakala za zote alizotuma kuhusu shughuli zake za biashara, kwa muda usiopungua miaka 3, na kwa miaka 2 ya mwanzo kumbukumbu ziwe mahali panapofikika kwa urahisi.

Mambo mawili katika kanuni hiyo yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba iligusa pia mawasiliano ya ndani, yaani waraka unaotoka ofisi moja kwenda nyingine ya kampuni ileile. Hivyo mazungumzo ya watumishi wao kwa wao yalihesabiwa kuwa sehemu ya ushahidi wa biashara miongo mingi kabla ya mtu yeyote kufikiria mtandao wa kijamii wa kazini. La pili ni kwamba, ingawa lugha yake ya barua na nakala ilitoka katika zama za karatasi, kipimo chake kilikuwa maudhui. Swali halikuwa ujumbe umeandikwa juu ya nini, bali unahusu nini. Kama unahusu biashara ya dalali, basi utunzwe. Tutaona kwamba kipimo hiki ndicho kilichoiokoa kanuni isichakae.

3.0 Barua Pepe Yafika Mbele ya Wapelelezi, 1997–2003

Mwaka 1997 SEC ilirekebisha kanuni yake ili kuruhusu kumbukumbu zitunzwe kwa njia ya elektroniki. Ruhusa hiyo ilikuja na sharti: kumbukumbu iandikwe kwenye hifadhi isiyofutika wala kuandikwa upya. Sharti hilo lilizaa biashara nzima. Kwa dalali haikutosha tena kuwa na seva ya barua pepe. Alihitaji mtambo wa pili unaonasa nakala ya kila ujumbe kabla mwandishi hajapata nafasi ya kuufuta, unaoipeleka kwenye hifadhi isiyobadilika na kuitengenezea faharasa ili iweze kutafutwa. Makampuni ya kutoa huduma hiyo yaliibuka katika miaka hiyohiyo, kama vile Global Relay ya Vancouver, Kanada, na Smarsh ya Portland, Marekani.

Wengi hawakulichukulia sharti hilo kwa uzito hadi mwaka 2002. Mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, Eliot Spitzer, alichapisha barua pepe za wachambuzi wa Merrill Lynch, zilizoonesha kwamba faraghani walizidharau hisa walizokuwa wakizipendekeza hadharani kwa wawekezaji. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 100. Mwezi Aprili 2003 makampuni makubwa 10 ya Wall Street yaliingia mapatano ya jumla ya takribani dola bilioni 1.4 kuhusu mgongano uleule wa maslahi. Barua pepe, iliyokuwa ikichukuliwa kama mazungumzo ya ukumbini, ilikuwa imegeuka kuwa shahidi.

Wakati huohuo shahidi huyo alianza kukosekana pale alipotafutwa. Desemba 2002 makampuni 5 ya udalali yalitozwa faini ya jumla ya dola milioni 8.25, kila moja dola milioni 1.65, kwa sababu hayakuwa yametunza barua pepe zao kama kanuni ilivyotaka. Nje ya udalali, kuanguka kwa Enron na kushtakiwa kwa wakaguzi wake, Arthur Andersen, kwa kuharibu nyaraka kulichangia kupitishwa kwa Sheria ya Sarbanes-Oxley mwezi Julai 2002. Sheria hiyo iliweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayeharibu kumbukumbu kwa nia ya kukwamisha upelelezi wa serikali kuu.

Mapatano ya mwaka 2003 yaliacha alama nyingine isiyotajwa sana. Yalitaka wachambuzi wa hisa watenganishwe na maofisa wanaotafuta biashara ya kuyauzia makampuni huduma za mtaji. Utengano huo ulikuwa wa viti na milango, lakini baadaye ulilazimika kujengwa ndani ya programu: mchambuzi asiweze kuingia katika chumba cha mazungumzo cha ofisa wa upande wa pili, hata kama wote wawili wamo katika orodha moja ya watumishi. Hapa ndipo penye tofauti ya msingi kati ya mtandao wa kijamii wa umma na ule wa benki. Wa umma hutafuta kuwaunganisha watu wengi iwezekanavyo, ilhali wa benki hulazimika kujua kwanza nani hatakiwi kukutana na nani.

4.0 Mtandao wa Kijamii Waingia Ofisini, 2003–2012

Mwaka 2003 chama cha usimamizi wa madalali cha wakati huo, NASD, kiliwakumbusha wanachama wake kwamba ujumbe wa papo hapo nao uko chini ya wajibu wa kuhifadhi na kusimamia. Kampuni isiyoweza kuunasa ilipaswa kuupiga marufuku. Hivyo ikawekwa kanuni ya kivitendo iliyotawala muongo uliofuata: chombo kisichoacha kumbukumbu hakiruhusiwi.

Kwa upande wa pili shauku ilikuwa inapanda. Mwaka 2006 Andrew McAfee, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha makala iliyoeneza wazo kwamba zana za wavuti mpya, yaani blogu na kurasa zinazohaririwa na wengi, zingeweza kubadili kazi ndani ya makampuni. Mfano wake mkuu haukutoka katika kampuni ya vijana wa California. Ulitoka Dresdner Kleinwort Wasserstein, benki ya uwekezaji. Jambo hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba sekta zinazodhibitiwa daima huwa za mwisho kupokea teknolojia. Benki zilikuwa na haja kubwa ya maarifa kusafiri haraka kati ya London, New York na Asia, na zilikuwa na fedha za kulipia.

Yammer ilizinduliwa mwaka 2008. Salesforce ilitoa Chatter mwaka 2010. Mwaka 2012 Microsoft iliinunua Yammer kwa dola bilioni 1.2, na kwa ununuzi huo mtandao wa kijamii wa kazini ukapata nafasi yake katika bajeti za makampuni makubwa. Hata hivyo, muundo wa zana hizi ulimpa ofisa wa uzingatiaji wa sheria matatizo ambayo barua pepe haikuwa nayo. Barua pepe ina mwandishi, mpokeaji na saa ya kutumwa. Chumba cha mazungumzo kina watu wanaoingia na kutoka, hivyo ili kujua nani alisoma sentensi fulani ni lazima kuhifadhi orodha ya waliokuwemo dakika ile. Ujumbe huweza kuhaririwa baada ya kusomwa, hivyo toleo la kwanza nalo ni kumbukumbu. Hata alama ya kidole gumba juu ya ujumbe yaweza kuwa ridhaa ya biashara.

FINRA, chombo kilichorithi kazi za NASD mwaka 2007, kilijibu kwa miongozo miwili. Ule wa Januari 2010 ulitofautisha maudhui tuli, ambayo ni lazima msimamizi ayaidhinishe kabla ya kuchapishwa, na mazungumzo ya papo kwa papo, ambayo husimamiwa kwa ukaguzi kama barua. Ule wa Agosti 2011 ulikwenda kwenye kiini cha jambo. Ulisema kwamba wajibu wa kuhifadhi hautegemei aina ya kifaa wala teknolojia, na wala haujali kama simu ni ya kampuni au ya mtumishi mwenyewe. Unategemea maudhui. Kipimo cha zama za karatasi kilikuwa kimethibitishwa upya katika zama za simu za mkononi.

5.0 Vyumba vya Gumzo na Ushahidi Wenye Utata, 2012–2018

Kama muongo uliotangulia ulifundisha kwamba kumbukumbu inaweza kukosekana, huu ulifundisha kwamba inaweza kuwepo kwa wingi na isisomwe na mtu. Juni 2012 benki ya Barclays ilikubali kulipa faini nchini Uingereza na Marekani kwa kujaribu kupotosha riba rejea ya LIBOR. Ushahidi ulikuwa ni ujumbe wa wafanyabiashara wa benki wenyewe. Novemba 2014 mdhibiti wa Uingereza, FCA, alizitoza benki 5 faini ya jumla ya pauni bilioni 1.1 kuhusu soko la fedha za kigeni. Katika kesi hiyo wafanyabiashara wa benki zinazoshindana walikuwa wamekaa katika vyumba vya gumzo vya pamoja, vingine vikiwa na majina ya majigambo, wakipeana habari za oda za wateja wao.

Maneno hayo hayakutoroka mtambo wa kumbukumbu. Yaliandikwa katika vyombo vilivyoidhinishwa, yakanaswa na kutunzwa kama kanuni ilivyotaka. Kilichokosekana ni msomaji. Taasisi zilikuwa zimetimiza wajibu wa kuhifadhi na kuuacha pembeni wajibu wa kusimamia. Benki kadhaa zilichukua hatua ya haraka ya kufunga vyumba vinavyowaunganisha wafanyabiashara wa benki tofauti. Makampuni ya programu nayo yalianza kuuza mitambo ya kupekua mazungumzo kwa orodha za maneno ya hatari, kisha kwa mbinu za takwimu zilizo ngumu zaidi.

Hata pale msomaji alipopatikana, maana haikujitokeza yenyewe. Oktoba 2018 baraza la wazee wa mahakama mjini New York liliwaachia huru wafanyabiashara watatu Waingereza walioshtakiwa kwa njama katika soko la fedha za kigeni, ingawa upande wa mashtaka ulitegemea sana maandishi ya chumba chao cha gumzo. Gumzo la soko limejaa mafumbo, utani na vifupisho. Sentensi moja yaweza kuwa njama kwa msomaji mmoja na mazungumzo ya kawaida ya kibiashara kwa mwingine. Tutarejea jambo hili tutakapozungumzia Kiswahili.

6.0 Symphony na Mgogoro wa Funguo, 2014–2015

Tukio linalounganisha nyuzi hizi zote ni kuzaliwa kwa Symphony. Kwa miaka mingi mazungumzo ya soko la fedha yalikuwa yakifanyika kwa kiasi kikubwa kupitia mitambo ya Bloomberg. Mei 2013 ilifichuka kwamba waandishi wa habari wa Bloomberg walikuwa na uwezo wa kuona baadhi ya taarifa za jinsi wateja walivyotumia mitambo hiyo. Oktoba 2014 Goldman Sachs pamoja na taasisi nyingine za fedha zaidi ya 10 ziliwekeza dola milioni 66 na kuinunua Perzo, kampuni ya mvumbuzi David Gurlé, na kuifanya kuwa msingi wa Symphony: mtandao wa mazungumzo unaomilikiwa na benki zenyewe.

Nguvu ya Symphony ilikuwa usimbaji wa ujumbe, yaani kuugeuza kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo. Funguo zingekaa kwa benki yenyewe, na si kwa mwenye mtandao. Kwa benki iliyokuwa imetoka katika hofu ya Bloomberg, huo ulikuwa usalama. Kwa mdhibiti ilikuwa habari nyingine. Katika kiangazi cha 2015 Idara ya Huduma za Fedha ya Jimbo la New York na Seneta Elizabeth Warren walihoji kama chombo hicho, ambacho kilitangazwa pia kwa uwezo wake wa kufuta data moja kwa moja, kingewaficha wapelelezi kile ambacho kesi za LIBOR na za fedha za kigeni zilikuwa zimekifichua.

Septemba 2015 idara hiyo ilitangaza mapatano na benki 4: Goldman Sachs, Deutsche Bank, Credit Suisse na Bank of New York Mellon. Symphony ingetunza nakala ya mawasiliano yao kwa miaka 7, na benki zingeweka nakala za funguo kwa watunzaji huru wasio chini ya mamlaka yao. Umuhimu wa mapatano hayo umo katika kile yalichokiacha bila kuguswa. Hayakupiga marufuku usimbaji, wala hayakumpa mdhibiti ufunguo mkononi. Yaliuweka ufunguo kwa mtu wa tatu, kama vile hati ya nyumba inavyowekwa kwa wakili ambaye si mnunuzi wala muuzaji. Kwa mara ya kwanza swali la zamani la nani anatunza kabati lilijibiwa waziwazi katika lugha ya programu.

7.0 Tawi la Pili: Hospitali

Ili kuepuka kuichukulia sekta ya fedha kuwa mfano wa sekta zote, inafaa kutazama tiba kwa ufupi. Nchini Marekani sheria ya HIPAA ya mwaka 1996, pamoja na kanuni zake za faragha na usalama, iliweka wajibu wa kulinda taarifa za mgonjwa. Hapa hofu kuu ilikuwa tofauti. Mdhibiti wa fedha alihofia kwamba mazungumzo yatapotea, ilhali yule wa afya alihofia zaidi kwamba yatavuja.

Mwaka 2011 Joint Commission, taasisi inayotoa ithibati kwa hospitali za Marekani, ilisema haikubaliki daktari kutoa maagizo ya tiba kwa ujumbe wa simu. Mei 2016 iliondoa katazo hilo kwa majukwaa salama, lakini kabla mwaka haujaisha ikalirudisha. Ni Februari 2024 tu ambapo mamlaka ya serikali kuu inayosimamia bima za afya za umma iliruhusu maagizo hayo kupitia majukwaa yaliyolindwa na yanayotimiza masharti ya kumbukumbu za mgonjwa. Yumbayumba hiyo ya zaidi ya miaka 10 ina maelezo mepesi. Muuguzi aliye zamu ya usiku anahitaji jibu sasa, na katazo halimwondolei haja hiyo. Linamwacha achague kati ya kuchelewa na kukiuka.

8.0 Simu ya Mfukoni, 2021–2022

Chaguo hilohilo liliwakabili watumishi wa benki. Kufikia Aprili 2016 WhatsApp ilikuwa imekamilisha usimbaji wa mwanzo hadi mwisho kwa watumiaji wake wote, na wateja wengi wa benki walikuwa huko. Janga la UVIKO-19 lilipowapeleka watumishi majumbani mwaka 2020, ukuta kati ya simu ya kazi na ya nyumbani ulidhoofika zaidi.

Desemba 2021 kampuni ya udalali ya JPMorgan ilikubali kulipa dola milioni 125 kwa SEC, na wakati huohuo taasisi za JPMorgan zikakubali kulipa dola milioni 75 kwa tume ya biashara ya bidhaa za baadaye, CFTC, kwa kushindwa kutunza mawasiliano yaliyofanyika kwenye simu binafsi. Septemba 2022 tume hizo mbili zilitangaza faini za jumla ya zaidi ya dola bilioni 1.8 dhidi ya makampuni kadhaa makubwa ya Wall Street. Tukilinganisha na dola milioni 8.25 za mwaka 2002, tunaona jinsi thamani ya kumbukumbu iliyokosekana ilivyopanda ndani ya miaka 20.

Jambo la kutafakari zaidi ya ukubwa wa faini ni vyeo vya waliohusika. Wadhibiti walieleza kwamba waliotumia njia zisizoidhinishwa hawakuwa watumishi wa chini pekee. Wasimamizi na viongozi waandamizi, waliokabidhiwa kazi ya kuhakikisha kanuni inafuatwa, walikuwa miongoni mwao. Benki hizo zilikuwa na mitandao ya kazini iliyo ghali na kamilifu, lakini mazungumzo yalikuwa yanafanyika kwingine.

Mwezi uliofuata, Oktoba 2022, SEC ililegeza sharti lake la mwaka 1997. Dalali aliruhusiwa kutumia mfumo unaoweza kubadilishwa, mradi unaweka mkondo kamili wa ukaguzi unaoonesha nani alibadili nini na lini. Kanuni iliyojifunga kwa aina ya hifadhi ilihitaji kurekebishwa baada ya robo karne. Ile iliyopima maudhui haikuhitaji.

9.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Historia hii ni ya Wall Street na London, lakini inazigusa nchi zetu kwa njia mahususi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kati ya misingi ya sheria za aina hii ni kwamba taarifa za mtu zisitunzwe kupita muda unaohitajika kwa lengo lililokusudiwa. Sheria ya Rwanda inakwenda mbele zaidi na kutaka taarifa binafsi zitunzwe ndani ya nchi, isipokuwa kwa mwenye kibali cha kuzitunza nje.

Hapa tawi la fedha na tawi la tiba yanakutana. Benki au hospitali ya Kigali, Kampala au Dar es Salaam inayonunua mtandao wa kazini uliotengenezwa ng'ambo inanunua pamoja nao majibu ya kisheria ya nchi nyingine: muda wa kutunza, mahali pa seva, mshika ufunguo. Majibu hayo yanaweza kuwa mazuri, lakini hayakutolewa kwa maswali yetu. Historia iliyoelezwa inaelekeza kwenye mambo manne.

Kwanza, kanuni zipime maudhui na kazi ya mazungumzo, si jina la programu. Mwongozo unaotaja WhatsApp utachakaa siku watumishi watakapohamia kwingine, na yote tuliyoyaona yanaonesha kwamba watahama.

Pili, suala la funguo liamuliwe kabla ya ununuzi. New York ilifikia mapatano yake na benki wakati chombo kikiwa tayari kinaingia sokoni, na iliweza kufanya hivyo kwa sababu benki zile zilikuwa ndani ya mamlaka yake. Mdhibiti mdogo anayekabiliana na kampuni iliyoko ng'ambo hana nguvu hiyo. Nafasi yake ni kabla mkataba haujasainiwa.

Tatu, marufuku isiyoambatana na njia mbadala iliyo nyepesi huzalisha uvunjaji wa sheria, na mzigo wake humwangukia mtumishi wa chini. Kama wakubwa wa Wall Street walishindwa kujizuia, si haki kumdai ofisa mikopo wa wilayani asijibu ujumbe wa mteja uliotumwa kwenye simu yake, ikiwa taasisi haijampa chombo kingine ambacho mteja huyo anakifahamu.

Nne ni lugha, na hapa wataalamu wa Kiswahili wana kazi ambayo haitafanywa na mtu mwingine. Mtambo wa kupekua mazungumzo ni mzuri kwa kadiri ya orodha ya maneno iliyomo ndani yake. Orodha ya Kiingereza ya maneno ya rushwa itapita juu ya “chai” na “kitu kidogo” bila kusita. Tukiongeza “chai” kwenye orodha, mtambo utamshuku kila mtumishi anayewaita wenzake kwa chai ya saa nne. Maana ya neno hilo imo katika nani anamwambia nani, kuhusu jambo gani. Ikiwa mahakama ya New York ilibaki na shaka juu ya Kiingereza cha soko, basi Kiswahili kinachochanganywa na Kiingereza, Kinyarwanda au Kiganda katika sentensi moja kinahitaji uangalifu mara nyingi zaidi. Isimu-jamii na pragmatiki ya Kiswahili, ambazo huonekana kuwa taaluma za darasani, hapa zinagusa haki ya mtu kutofukuzwa kazi kwa sababu ya kikombe cha chai.

10.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mtandao wa kijamii wa kazini katika sekta zenye udhibiti mkali ni mtoto wa wazazi wawili: haja ya kuzungumza haraka na wajibu wa kukumbuka. Wazazi hao hawajawahi kupatana kikamilifu. Mwaka 2002 kumbukumbu zilikosekana. Mwaka 2012 zilikuwepo bila kusomwa. Mwaka 2015 mgogoro ulikuwa juu ya mshika ufunguo, na mwaka 2022 ilibainika kwamba mazungumzo yalikuwa yamehamia simu ya mfukoni. Katika kila hatua programu mpya ilitolewa kama suluhisho la tatizo lililopita, na katika kila hatua tatizo lililofuata lilihusu mwenendo wa watu na mipaka ya mamlaka.

Nchi zetu bado ziko katika miaka ya mwanzo ya kutekeleza sheria zao. Kanuni nyingi hazijaandikwa na mikataba mingi haijasainiwa. Huu ndio wakati ambao watunga sera, wadhibiti na wanaisimu wanapaswa kukaa meza moja, ili maswali ya muda, mahali, ufunguo na lugha yajibiwe kwa kuzingatia sheria zetu na usemi wa watu wetu kabla hayajajibiwa na mipangilio ya kiwandani ya programu iliyonunuliwa.